Kuonja Mbele ya Kutoa

Kwetu Butembo mutu hakupi kikombe bila kukionja yeye mwenyewe kwanza. Mwenye nyumba anakunywa kidogo mbele ya macho yako, anapanguza mudomo, ndipo anakupa. Akisahau, wewe mugeni unakamata kikombe mukononi na kuuliza habari za mashamba, habari za watoto, habari za mvua, mpaka akumbuke. Hakuna anayetaja sumu. Ni heshima tu, tunasema. Heshima, ndiyo, mais mimi ninajua heshima hiyo ilizaliwa na nini, na niliijua vizuri nikiwa musichana mwenye kichwa kikali, katika dispensari ndogo ya Mususa, wakati wa fujo za nyuma ya uhuru.

Majina siyaandiki. Wengine wangali wazima, na wengine waliacha wajukuu wanaonisalimia sokoni kila juma. Sitaki kuanza kusalimiwa na mugongo.

Nilikuwa nimejifunza kuuguza wagonjwa miaka miwili kwa misioni ya Kiprotestanti. Wazungu walipoondoka, tulibaki wawili: mimi, na muuguzi mumoja muzee tuliyemwita Mukubwa. Alikuwa mutu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyarudia mpaka unatamani kuziba masikio. Neno lake la kwanza kila asubui lilikuwa lile lile: "Usimuulize mugonjwa kama amesikia. Kila mutu anasikia. Hata mbuzi inasikia. Umwambie akuonyeshe." Basi mama akija na mutoto mwenye kidonda, Mukubwa alimupa beseni, maji ya moto na kitambaa, akamwambia amwoshe mutoto pale pale mbele yake. Mama mwingine tulimupa dawa ya macho ya mutoto wake; alipoombwa kuonyesha, aliipaka juu ya ngozi ya jicho kama mafuta ya kujipamba. Mukubwa hakucheka. Alimukamata mukono, akamwongoza pole pole. Mimi nilikuwa ninasimama nyuma yake na kuangalia mustari wa watu nje, nikiona muzee huyu anatupotezea siku.

Kisha ikaja habari kwamba Wazungu, mbele ya kuondoka, walitia sumu katika dawa zote. Nani aliisema kwanza, sijui. Habari za namna hiyo hazina baba. Lakini katika juma moja mustari wetu ulikauka. Watu walikuwa wanapita mbele ya dispensari na kutuangalia pembeni, sawa vile unavyoangalia imbwa usiyemujua. Mama mumoja niliyemupa vidonge vya malaria alivikamata, akasema "Wasingya," ndiyo asante ya kwetu, akaenda kuvitupa katika mufereji mbele ya kufika kwenye kona. Nilimwona. Nilikasirika sana siku ile, na hasira yangu ndiyo ilinipa akili.

Nilianza kuonja. Kila dawa niliyotoa, nilikamata kidonge kimoja mbele ya mugonjwa, nikauma pembe yake kidogo kwa meno ya mbele, nikameza, nikafungua kinywa kumwonyesha ulimi. Kwinini ilinikaa kinywani kutwa nzima, hata chakula changu kilikuwa kichungu. Lakini watu walirudi. Walikuja hata kutoka Vulamba kwa miguu, wakiuliza yuko wapi yule mademoiselle anayeonja. Mukubwa hakupenda. "Dawa si pombe ya ndizi," aliniambia. "Mugonjwa si mugeni wako." Nikamujibu kwamba kuonja kumerudisha mustari, na kuonyesha hakukuurudisha.  Nilijiona mimi ndiye mwenye dispensari.

Katika wale waliorudi kulikuwa nyumba moja ya Waislamu, watu wa biashara na magari. Baba wa nyumba alikuwa na kamio, akipeleka mizigo kati ya Butembo na Beni. Alikuwa na binti wa miaka tisa hivi mwenye kifafa. Mutoto huyo alikuwa akianguka tangu mudogo, na mara moja alianguka mekoni. Kovu lilimubaki shavuni. Tulikuwa tukimupa vidonge, kimoja asubui na kimoja jioni, na karibu mwaka muzima hakuwa ameanguka hata siku moja. Aliyemupa dawa ni mama yake. Mama huyu alikuwa mutoto wa walimaji wa Luofu, mbali kule kusini mwa Lubero. Alizaliwa Muprotestanti kama mimi, akaolewa, akabadili dini, akafunga kitambaa vizuri kuliko wale waliozaliwa nacho. Alikuwa mutu wa kunyamaza. Mukubwa alimufundisha kutoa dawa ya mutoto, akamwambia aonyeshe, naye akaonyesha bila kosa.

Katika nyumba hiyo kulikuwa pia koko, ndiyo kusema mama ya baba, bibi kizee mwenye sauti kubwa na tasbihi mukononi. Koko alimupenda mujukuu wake kwa namna ya kuumiza. Mukamwana wake, ndiyo kusema bibi ao muke wa mwana wake, hakumupenda. Miaka kumi na zaidi walikaa nyumba moja, na koko bado alimwita "huyu mutu ya Luofu."

Waasi walioitwa Basimba waliingia wakati ule baba alikuwa Beni na kamio yake. Barabara ikafungwa. Hakuna aliyejua kama ni muzima ao amekufa. Huku kwetu, waasi walikuwa wanatafuta makarani: kila mutu aliyeshika kalamu, aliyevaa miwani, aliyesema Kifaransa kizuri, alikuwa adui. Mukubwa alivua miwani yake. Siku ile ambayo ninataka kuieleza, alikuwa nyuma ya dispensari akifukia diploma yake ndani ya kopo la maziwa, na mimi nilikuwa peke yangu mbele ya watu makumi ine hivi.

Koko aliingia, akatoa chupa ya vidonge ndani ya nguo yake, akaiweka mezani.

"Tangu leo ni miye nitakuwa namupa," alisema.

"Kwani mama yake iko na nini, koko?"

"Haiko na kitu. Mais mwana wangu haiko. Siku zenyewe ziko mubaya. Sitaacha roho ya mujukuu wangu mu mukono ya mutu ya Luofu. Kikulacho kiko mu nguo yako, mwana wangu."

Ningepaswa kumuuliza zaidi. Lakini nje mutoto alikuwa akilia, mutu mwingine alikuwa akikohoa mulangoni, na mimi nilifurahi kwamba koko ananiamini. Nikamweleza haraka: kimoja asubui, kimoja jioni, usiruke siku, usiache gafula hata mutoto akionekana amepona. Kisha, kama desturi yangu, nikauma pembe ya kidonge kimoja, nikameza, nikamwonyesha ulimi. Aliangalia meno yangu kwa uangalifu, sawa mutu anayenunua mbuzi.

"Umesikia, koko?"

"Nimesikia, mwana wangu."

Nikaita mugonjwa mwingine.

Nyuma ya majuma matatu mama ya mutoto alikuja. Alisimama mulangoni, hakuingia. Alisema mutoto ameanguka mara mbili, na mara ya pili amejiuma ulimi. Aliomba nimwambie koko amurudishie chupa. Alisema hayo yote kwa sauti moja, macho makavu. Nilimwangalia. Wamama wote walikuwa wakilia mbele yangu, hata kwa sababu ya chawa, na huyu ambaye mutoto wake ameanza tena kifafa hakuwa na chozi. Nikamwambia mambo ya nyumba yao wayamalize nyumbani. Alisema, "Ndiyo, mademoiselle," akaenda. Moyo wangu ukaanza kumushuku.

Nyuma ya siku mbili, koko naye alifika. Nilishangaa. Yule bibi mwenye sauti kubwa alikuwa akitembea na kushika miti ya lupango, ule uzio wetu, kama mulevi, na Mwislamu yule hajawahi kuonja pombe. Ulimi wake ulikuwa muzito. Aliniambia analala muchana, analala hata juu ya mukeka wa sala, kipaji cha uso chini, mpaka watu wamwamushe. Nilipima tansio ya damu, ilikuwa nzuri. Hakuwa na homa. Nikaomba chupa, nikahesabu vidonge vyote juu ya meza. Hesabu ilikuwa sawasawa: vimetoka viwili kila siku, hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi.

Donc, basi, nilifikiri hivi, na nilijiona mwenye akili: koko anatoa dawa yote, na mutoto anaanguka. Koko alikuwa na nguvu, na sasa anayumba. Katika nyumba ile, nani anapika? Nani alikuwa mwenye chupa, akanyanganywa? Nani hana chozi?

Ulimi hauna mufupa. Niliinama karibu na sikio la koko, nikamwambia: "Koko, angalia mukono yenye kukupikia."

Hilo ndilo neno langu. Nimelichukua miaka hii yote.

Koko alirudi nyumbani, akaacha kula chakula cha mukamwana. Alijipikia mwenyewe maharagi juu ya mafiga matatu nyuma ya nyumba, akachota maji mwenyewe. Lakini usingizi haukumwacha. Akaanza kusema mukamwana anatia kitu ndani ya mutungi, ndani ya mukeka, ndani ya upepo. Majirani walisikia. Na mutoto wa mwisho wa koko, kijana wa miaka makumi mbili aliyejiunga na Basimba, akasikia pia. Akaja nyumbani na ngozi ya munyama kichwani na bunduki. Hakuingia ndani, kwa sababu waganga wao walikuwa wamemukataza kugusa mwanamuke ao kupokea kitu mukononi mwake, dawa ya vita isivunjike. Alisimama mulangoni, akasema kesho saa sita atamupeleka bibi ya kaka yake kwa wakubwa wake, kuhukumiwa kama mulozi. Watu walijua maana ya kupelekwa kule. Waliopelekwa walikuwa wengi, na tuliowaona tena tuliweza kuwahesabu kwa vidole vya mukono mumoja.

Na kwangu alituma jirani kuniambia: kesho asubui na wewe uje, useme mbele yake neno lenye uliambia mama.

Nilikwenda kwa Mukubwa na woga, na kwa sababu ya woga nilisema kwa ukali. Nilimweleza yote: kuyumba, usingizi, hesabu ya vidonge, macho makavu. Alikuwa akichemusha shindano za kudungia wagonjwa juu ya mbabula ya makaa. Hakugeuka.

"Koko alikuonyesha namna anatoa dawa?"

"Alisema amesikia."

"Sikuulizi alisema nini. Alikuonyesha?"

"Mukubwa, vidonge nimehesabu! Viko sawa."

"Ulihesabu chupa," alisema. "Hukuhesabu kinywa." Akatoa shindano moja kwa koleo, akaiangalia karibu na jicho kwa sababu hakuwa na miwani. "Kesho umwombe akuonyeshe. Ikiwa nimekosa, utasema neno lako."

Nilimwomba twende wote. Akagusa pua yake kwa kidole. Miwani ilikuwa imemuachia alama mbili pale, kila upande moja, na zilikuwa hazijafutika. "Nikifika pale na hizi," alisema, "hatutarudi hata mumoja." Nilimuchukia kwa hilo. Lakini alisema kweli.

Asubui nilikwenda peke yangu. Kijana alikuwa amekaa juu ya kiti nje ya mulango, bunduki juu ya magoti. Koko alikuwa juu ya mukeka ndani ya sebule, anasinzia na kuamka. Mukamwana alikuwa amekaa chini, mugongo juu ya ukuta, kichwa cha mutoto juu ya mapaja yake. Alikuwa amevaa nguo safi. Pembeni yake kulikuwa kifurushi kidogo kimefungwa, kama mutu anayekwenda safari na hajui ni ya siku ngapi.

"Karani amefika," kijana alisema. "Sema."

"Mbele ya kusema, nataka mama yako atoe dawa ya mutoto. Saa yake imefika."

"Ju ya nini?"

"Mimi ndiye nilimupa kazi hiyo. Nataka kuona."

 Alikuwa ananishuku, na alikuwa na haki. Hata mimi nilikuwa ninajishuku. Kisha akafanya ishara na kidole.

"Koko," nilisema, "unionyeshe namna unamupa kinini, kidonge chake. Yote, kama kila siku."

Koko alifungua chupa. Alikuwa na furaha, sawa mwanafunzi anayejua jibu. Akatoa kidonge kimoja. Akasema "Bismillahi." Akakiweka kati ya meno ya upande, akakata katikati, tak. Akatafuna nusu moja, akaimeza. Kisha akafunga macho, akasukuma tasbihi yake punje kwa punje, akingoja. Alingoja mpaka akaona hajafa. Ndipo akafungua macho, akaita mujukuu wake, akamuwekea nusu iliyobaki juu ya ulimi.

 Niliangalia chupa, kisha meno yake.

"Koko," nilisema. "Kila siku unafanya vile?"

"Asubui na mangaribi. Siruke hata siku moya. Uliniambia nisiruke."

"Mais nusu yake unakula wewe."

"Ninaonja," alisema, akashangaa kwamba ninauliza. "Wewe mwenyewe ulionja mbele yangu. Mais wewe ulionja kidogo sana, kama panya. Nikasema mu roho: mutu mwenye kupenda mujukuu wake anaonja ya kweli. Kama kuko sumu, ianze na miye."

Nilikaa chini pale pale. Nikawaeleza, nikimwangalia kijana na siyo mukamwana, kwa sababu mukamwana sikuweza kumwangalia. Nilisema dawa hii ni ya kutuliza kichwa cha mutu wa kifafa. Mutoto akipata nusu, haimutoshi, anaanguka. Muzee asiye na kifafa akila nusu asubui na nusu jioni, majuma zaidi ya matatu, atalala muchana, atayumba, ulimi utakuwa muzito. Hakuna aliyemulisha koko kitu. Koko amejilisha mwenyewe, na mimi ndiye nilimufundisha.

"Na neno lenye uliambia mama?" kijana aliuliza.

"Nilikosa."

"Aliniambia niangalie mukono yenye kunipikia," koko alisema, kwa sauti ya mutu anayesaidia. "Ni yeye alisema."

Mukamwana aliinua macho mara ya kwanza, akaniangalia. Hakuwa amejua. Alikuwa akizania neno lile lilitoka kwa majirani.

Kijana alisimama. "Makarani muko na akili," alisema. "Jana ni huyu ndoki, mulozi. Leo ni kinini. Kesho itakuwa nani? Miye nitajua namna gani hamukupatana ninyi wawili? Mumezaliwa dini moja." Akaonyesha chupa na mudomo wa bunduki. "Kula. Kula mbili, nzima. Ukilala sawa mama yangu, nitaamini. Jua ikifika saa sita na uko macho, ninaenda na huyu."

Koko aliweka vidonge viwili mbele yangu juu ya mukeka. Nilivimeza na maji. Ilikuwa karibu saa tatu.

Watu wanaogopa sumu, wasije wakalala bila kuamuka. Mimi niliogopa kubaki macho. Nilikaa pale nikiomba usingizi, na kila nikifunga macho yalifunguka yenyewe. Nilijua dawa hii haina haraka. Nilijua pia woga unaweza kumushinda usingizi mutu hata akila chupa nzima. Saa ine ikapita. Jua lilikuwa linasogea juu ya sakafu ya udongo kutoka mulangoni, na kijana alikuwa akilifuata kwa macho. Mukamwana alikuwa akisuka nywele za mutoto. Alizisuka zote, akazifungua, akaanza tena. Nilimwangalia nikaona kwamba mashavu yake yana alama nyeupe za chumvi, za machozi yaliyokauka. Alikuwa akilia mahali ambapo hakuna mutu, hiyo tu. Na mimi nilikuwa nimemuhukumu kwa sababu hakuja kulia mbele ya meza yangu.

Nilitaka kumwomba musamaha pale pale. Nikafungua kinywa, nikasema, "Mama, mimi..." na neno lililofuata halikutoka. Ulimi ulikuwa umelala mbele ya mimi kulala. Nilijaribu tena, nikasikia sauti yangu inakokota miguu.

Koko aliinua kichwa kutoka kwenye mukeka.

"Nyamazeni," alisema, na hakuna aliyekuwa akisema. "Mademoiselle, sema tena."

Nilisema tena. Sijui nilisema nini. Nakumbuka nilitaka kusimama, na ukuta ukaja karibu nami, na nikaukumbatia.

"Ni ulimi yangu ile," koko alisema. Akaanza kulia. "Mwana wangu, sikiliza, ni ulimi yangu yenye iko mu kinywa yake. Ni miguu yangu. Yarabi, ni miye nilikuwa najiua, na mujukuu wangu anaanguka, na nilitaka huyu bibi auawe."

Kijana alikuja mpaka kwenye kizingiti, akainama kuniangalia usoni, lakini hakunigusa.  Kisha alimwambia mama yake aache kukula dawa ya watu, akaweka bunduki begani, akaenda. Kwa bibi ya kaka yake hakusema hata neno moja. Nilimwona mugongo wake unapita kati ya migomba, na nyuma ya hapo sikuona kitu tena.

Mambo mengine yalikuja nyuma. Sauti ya koko ilirudi ndani ya majuma mawili. Chupa ilirudi mukononi mwa mukamwana, na mutoto alipokula kidonge kizima akaacha kuanguka. Barabara ya Beni ilipofunguka baba alirudi, bila kamio lakini muzima. Mukubwa alifukua diploma yake. Unyevu ulikuwa umekula sehemu ya jina lake, na aliitundika vile vile. Mimi niliacha kuonja. Mugonjwa akiniomba nionje, nilimupa dawa mukononi na kumwambia anionyeshe, na mustari ulipokuwa murefu mpaka barabarani, niliuacha uwe murefu.

Lakini siku ile, nilipofungua macho, jua lilikuwa upande mwingine wa nyumba na watu walikuwa wanarudi kutoka sala ya alasiri. Nilikuwa nimelazwa juu ya mukeka, nguo imekunjwa chini ya kichwa changu. Kifurushi kilikuwa hakipo tena pembeni ya ukuta. Nilisikia sahani zinaoshwa nyuma ya nyumba. Kinywa kilikuwa kimekauka kabisa.

Mukamwana aliingia na kikombe cha chai. Alipiga magoti pembeni yangu, akanisaidia kukaa, akaweka mukono wake mugongoni mwangu ili nisianguke. Nilimwambia, kwa ulimi ule muzito, anisamehe. Alitikisa kichwa kidogo, sikujua ni ndiyo ao ni hapana. Akanipa kikombe.

Nilikuwa na kiu ya kufa. Nilikikamata kwa mikono miwili. Na sikukunywa. Nilimuuliza kama mutoto amekula. Nilimuuliza kama mvua imenyesha wakati nimelala.

Nilikuwa ninangoja. Sikujua kama ninangoja, ninaapa. Mikono yangu ndiyo ilijua. Yeye alijua mbele ya mimi kujua. Aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, na hakukasirika, na ningependa sana angekasirika. Akakitoa polepole kati ya vidole vyangu, akakunywa kidogo, akameza, akapanguza mudomo na kitambaa chake.

"Nimeonja, mademoiselle," alisema. "Kunywa."

Nikakunywa. Ilikuwa chai ya tangawizi, na sukari nyingi, kama ile wanayomupa mutu mugonjwa.